Jaguar E-Type na namba zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari hii ikitajwa tu maswali ni yale yale, spidi, HP (nguvu za farasi), sekunde, na ubishi hauishi. Nimeyajibu hapa kwa kirefu pale panapostahili na kwa kifupi pale ambapo hamna cha kuongeza. Gari ni ya Uingereza kwa hiyo vipimo vyake vya asili ni maili, nimeweka kilomita pembeni ili tusisumbuane.

Ni kweli E-Type ilikuwa inafika maili 150 kwa saa?

Ilifika, na imeandikwa. Gari ilizinduliwa Geneva Machi 1961, na mwezi huo huo magazeti mawili ya Uingereza yakatoa majaribio yao. Autocar walipewa gari ya paa la chuma yenye namba ya usajili 9600 HP wakapata wastani wa maili 150.4 kwa saa, yaani kama kilomita 242. The Motor wao walikuwa na ya wazi, namba 77 RW, wakapata 149.1, kilomita 240 hivi. Wastani maana yake wanakimbia kwenda na kurudi barabara ile ile, upepo uliokusukuma ukienda ukupige ukirudi, halafu unachukua katikati. Kwa hiyo sio namba ya mtu aliyechungulia spidomita akiteremka mlima.

Ila hapo hapo ndo pa kusimama kidogo, maana swali linalofuata ni la muhimu kuliko hili.

Je, gari uliyonunua dukani ilikuwa inafika huko?

Nyingi hazikufika. Gari ya kawaida aliyokabidhiwa mteja, ikiwa nzima kabisa, ilikuwa inaishia maili 140 hadi 145, yaani kilomita 225 hadi 233 kwa saa. Zile mbili za magazeti zilikuwa gari za mwanzo kabisa zilizoandaliwa na kiwanda kwa kazi hiyo, na zilivalishwa matairi ya mbio ya Dunlop R5 badala ya RS5 ya kila siku. Tairi ya mbio ilikuwa ya lazima kwa usalama kwa spidi ile, lakini pia inabadilisha hesabu, maana tairi kubwa kidogo nyuma ni sawa na kuirefusha gia.

Mtu akisikia hivyo anasema basi Jaguar walidanganya. Mimi sikubaliani. Gari ilikimbia, watu wa nje ya kiwanda wakapima, namba ikachapishwa na matairi yakatajwa. Tatizo ni sisi tuliokuja kuichukua ile 150 tukaibandika kwenye kila E-Type iliyotoka kiwandani Coventry kuanzia 1961 mpaka 1974, wakati hiyo ni namba ya gari mbili za mwezi mmoja. Gari yenyewe ni nzuri kiasi kwamba haihitaji namba ya kuazima.

Maili kumi tu, mbona zinakuwa ngumu hivyo?

Hapa naomba tuende taratibu maana ndo panapoeleza kila kitu.

Kwanza upepo. Nguvu inayohitajika kuusukuma upepo inapanda kwa spidi mara spidi mara spidi. Ukitoka maili 130 kwenda 150 spidi imeongezeka asilimia 15 tu, lakini nguvu ya kupambana na upepo imeongezeka zaidi ya nusu. Kwa hiyo injini iliyokufikisha 130 bila jasho inaweza kukunyima zile 20 za mwisho kabisa.

Pili gia. Gari za soko la Uingereza zilikuja na difu ya 3.31, yaani shafti ya kutoka kwenye giaboksi inazunguka mara 3.31 ili gurudumu lizunguke mara moja, na gia ya nne ni moja kwa moja. Tairi ya kawaida ikizunguka mara moja gari inasogea kama mita 2.1. Injini ya lita 3.8 inatoa nguvu zake za juu kabisa kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) 5,500. Sasa piga: 5,500 gawanya kwa 3.31, zidisha kwa 2.1, zidisha kwa dakika 60, unapata kilomita 209 kwa saa, ambayo ni maili 130. Umeona? Yaani kwenye kilele cha nguvu gari iko 130, na kutoka hapo kwenda 150 unailazimisha injini ipande zaidi ya RPM 6,000 ambako nguvu imeshaanza kushuka na upepo ndo kwanza unakaza. Matairi ya mbio, na kule kutanuka kwa tairi ikizunguka kwa kasi kubwa, kunakupunguzia mzigo kiasi lakini sio wote.

Ndo maana injini iliyofungwa vizuri sana na injini ya kawaida zinaweza kufanana kabisa mpaka 120 halafu zikaachana huko juu.

0 hadi 60 ni sekunde ngapi?

Karibu 7. Autocar 6.9, The Motor 7.1. Kumbuka 60 hapo ni maili, sawa na kilomita 96.6, kwa hiyo ukitaka kulinganisha na 0 hadi 100 ya kilomita ongeza kidogo, kama nusu sekunde hivi.

Kufika maili 100 ni sekunde 16, yaani 15.9 kwa moja na 16.2 kwa nyingine. Robo maili kutoka kusimama ni karibu sekunde 15.

Kuna kitu kizuri kwenye gia ambacho wengi hawakioni. Ukipiga ile hesabu ya juu kwa kila gia kwenye RPM 5,500, gia ya kwanza inaishia kama kilomita 62, ya pili 112, ya tatu 163. Maana yake 60 ya maili unaifikia kwa kubadili gia mara moja tu, na 100 ya maili, ambayo ni kilomita 161, unaifikia ukiwa bado gia ya tatu. Umebadili mara mbili basi. Na hiyo ni bahati nzuri kweli kwa sababu giaboksi ya mwanzo, ile wanaita Moss, ilikuwa nzito na ya polepole, gia ya kwanza haina sinkro (kile kinacholainisha kubadili gia), ukiiharakisha inakulilia. Kama kungekuwa na badilisho moja la ziada kabla ya 60 ile sekunde 7 isingeonekana.

HP 265, ni za kweli?

Ni za kweli kwa namna ya kupima ya wakati ule. Hizo ni HP ghafi, yaani injini imewekwa kwenye benchi peke yake bila mizigo yake yote, bila ile eksozi ya kwenye gari, inapumua vizuri, inapimwa. Ukiifunga kwenye gari ikaanza kuzungusha vitu vyake na kupumua kwa chujio na kutoa moshi kwenye sailensa, zinapungua sana. Huwezi kuchukua 265 ya 1961 ukaiweka meza moja na 265 ya gari ya leo, ya leo ni nguvu halisi ya injini ikiwa imevaa kila kitu chake.

Kampuni nyingi za wakati ule zilitangaza hivyo hivyo, Wamarekani nao walikuwa wanatangaza ghafi mpaka walipohamia halisi mwaka 1972. Sasa mtu akiiweka E-Type yake kwenye mashine ya kupima nguvu leo akaona namba ndogo kwenye magurudumu asikimbilie kumlaumu fundi, maana hata ilipokuwa mpya magurudumu hayakuwahi kuona 265.

Injini yenyewe ni ipi?

Ni XK, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, kamshafti mbili juu, cc 3,781, kabureta tatu za SU za inchi mbili. Bloku ya chuma, silinda hedi ya alumini. Pistoni ina upana wa milimita 87 na inasafiri milimita 106, yaani safari ndefu kuliko upana, na hii ndo asili ya tabia yake: torki (nguvu ya kuzungusha) nyingi, karibu Nm 353 kwenye RPM 4,000, na inaanza kuvuta mapema sana.

Mzizi wake ni wa mbali, familia hii ya injini ilianza 1948 na XK120, halafu D-Type, gari ya mbio ya Jaguar, ikashinda nayo mbio za masaa 24 za Le Mans miaka mitatu mfululizo, 1955, 1956 na 1957. Kwa hiyo E-Type ilipotoka haikuwa na injini ya kujaribu jaribu, ilikuwa na injini iliyokwishapigwa masaa 24.

Basi namba gani ndo inaielezea vizuri?

Mimi ukiniambia nichague moja nitaacha 150, nitaacha 7, nitachukua mvuto wa gia ya nne.

Sikiliza. Kwenye majaribio yale walipima pia gari inachukua muda gani kuongeza kila maili 20 ikiwa gia ya juu tu bila kubadili. Kutoka 20 kwenda 40, 40 kwenda 60, 60 kwenda 80, kote huko inachukua kama sekunde 5 hadi 6, karibu sawa kila mahali. Kwa gari ya 1961 hii ni ajabu, na hata leo ni nadra maana gari nyingi ukiwa gia ya mwisho ukakanyaga zinakuomba ushuke gia mbili kwanza. Hii unaiacha hapo hapo kwenye nne, uko spidi ya kilomita 50 kwa saa nyuma ya lori, barabara inafunguka, unakanyaga, inaondoka kwa sauti moja ndefu mpaka 160 bila mkono kugusa gia.

Hiyo ndo maana ya gari ya safari ndefu. Sio kuwasha moto kwenye taa, ni kukata nchi nzima kwa siku na ukashuka huku bado una nguvu. Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, aliambiwa apeleke ile 77 RW Geneva kwa sababu watu waliotaka kuijaribu walikuwa wengi kuliko gari, akaondoka Coventry jioni akaendesha usiku kucha akafika asubuhi na gari ikaingia kazini siku ile ile. Hakuna jedwali la sekunde linaloeleza gari kama hicho kipande cha historia.

3.8 na 4.2, ipi ina mbio?

Kwa saa ya mkononi zinalingana. 4.2 ilikuja Oktoba 1964 ikiwa na cc 4,235, HP zikabaki 265 zile zile kwenye karatasi, ila torki ikapanda mpaka kama Nm 384. HP hazikupanda kwa sababu hedi na kabureta ni zile zile, inapumua kwa pua ile ile, kwa hiyo huko juu kwenye RPM kubwa haipati hewa zaidi, faida yote iko chini na katikati. 0 hadi 60 bado ni 7 na spidi ya juu haikubadilika kwa maana yoyote.

Lakini ukiniuliza ya kuendesha ni 4.2 bila kufikiri. Giaboksi mpya yenye sinkro gia zote, viti vinavyokaa mtu, breki zimeboreshwa, oltaneta badala ya dainamo. Wapo wanaoapa kwamba 3.8 inapanda RPM kwa utamu zaidi na wana haki yao, injini ile ni laini kweli. Ila ukiwa na safari ya masaa sita ile giaboksi ya zamani itakukumbusha umri wake.

Difu zilikuwa za aina ngapi na zinabadilisha nini?

Zilikuwepo kadhaa, tatu za kujua ni 3.07, 3.31 na 3.54. Ukirudia ile hesabu ya RPM 5,500, 3.07 inakupa kama kilomita 226 kwa saa, 3.31 inakupa 209, 3.54 inakupa kama 196. Marekani walipelekewa sana 3.54, inaondoka haraka na haichoshi mjini, ila huko juu inaishiwa mapema. Kwa hiyo watu wawili wenye E-Type za mwaka mmoja wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu spidi ya juu na wote wakawa wakweli, difu ni tofauti. Kabla hujalinganisha chochote uliza difu kwanza.

Ile shepu inasaidia kiasi gani?

Inasaidia ila sio kwa kiasi macho yanavyodhani. Malcolm Sayer aliyeichora alikuwa mtu wa hesabu za ndege, alichora mistari yake kwa hesabu sio kwa mkono tu, na D-Type ilikuwa kazi yake pia. Hata hivyo namba ya ukinzani wa upepo inayotajwa kwa E-Type ni kama 0.44, ambayo leo gari ya familia ya kawaida inaipita mbali. Sababu ni nyingi, mdomo ule unameza hewa nyingi kupozea injini, chini hapakufunikwa, gurudumu za waya, na kioo cha mbele kimesimama.

Kilichoiokoa ni udogo. Ukisimama mbele yake unashangaa ilivyo nyembamba na fupi kwenda juu, eneo linalopigwa na upepo ni dogo, na upepo unajali vyote viwili, umbo na ukubwa. Na uzito nao, ya wazi ya mwanzo ilikuwa kama kilo 1,220 tu, kwa hiyo hata hizo HP zikipunguzwa kuwa halisi bado zinabeba mzigo mdogo.

Breki ziliendana na spidi?

Kwa 1961, ndiyo. Diski za Dunlop magurudumu yote manne wakati gari nyingi za barabarani bado zilikuwa na madrami. Za nyuma hazikai kwenye gurudumu, zimekaa ndani ubavuni mwa difu ili gurudumu liwe jepesi na sasipensheni ifanye kazi vizuri. Sasipensheni ya nyuma ni huru, kila upande na springi zake mbili na shokapu, na shafti ya kupeleka nguvu kwenye gurudumu inafanya pia kazi ya mkono wa juu. Kwa uimara wa gari barabarani hicho ndo kitu kilichowaacha wapinzani wengi.

Shida ni kwamba diski zikichemka joto linaenda kwenye difu, sili zinakauka, oili inavuja kuja kwenye diski, na hapo breki zinapungua. Halafu kuzifikia ni kazi ya siku. Ukinunua E-Type angalia hapo kabla ya kuangalia rangi. Na 3.8 buster yake ya breki (kifaa kinachousaidia mguu) ilikuwa dhaifu, pedali inahitaji mguu wenye nia, 4.2 walirekebisha.

Ilikuwa inakula mafuta kiasi gani?

The Motor walipata maili 21.3 kwa galoni ya Uingereza kwenye jaribio zima, yaani lita 13.3 kwa kilomita 100, kama kilomita 7.5 kwa lita. Kwa gari ya spidi ile ni nzuri. Tenki lake ni kama lita 64. Kwa mguu mwepesi barabara kuu ulaji unashuka chini ya hapo, mjini na kabureta tatu zisizolingana unapanda vibaya.

V12 ina mbio zaidi?

Kuondoka ndiyo, spidi ya juu hapana. Toleo la tatu (Series 3) lilikuja 1971 na injini mpya ya silinda 12, cc 5,343, alumini tupu, kabureta nne za Stromberg. HP 272, na hapa angalia: hizi sasa zilipimwa kwa kipimo kikali zaidi cha DIN cha Wajerumani, kwa hiyo mtu akisema kutoka 265 kwenda 272 wameongeza HP saba tu anakosea sana, ongezeko la kweli ni kubwa mno. Torki karibu Nm 412.

0 hadi 60 inayotajwa ni 6.4, na juu kabisa ni maili 146, kilomita 235. Ilikuwa nzito zaidi, kama kilo 1,500, na pana zaidi, na wote walipewa chasisi ndefu. Cha kushangaza injini yenyewe haikuzidi sana uzito wa ile ya sita kwa sababu ya alumini, uzito ulitoka kwenye mengine yote. Inaenda kimya, laini, usukani wa pawa, breki za mbele zenye matundu ya hewa katikati. Wapenzi wa zile za mwanzo wanaiona imenenepa. Mimi naiona ni gari nyingine yenye jina lile lile, na kwa safari ndefu haina aibu hata kidogo.

Mbona za Marekani zinasemwa ni nyonge?

Kwa sababu ya sheria za moshi. Kuanzia mwaka 1968 gari za kule zilipewa kabureta mbili za Stromberg badala ya tatu za SU, na HP zilishuka. Ongeza difu fupi, spidi ya juu inapungua sana. Kwa kuwa E-Type nyingi ziliuzwa Marekani basi nyingi unazoziona sokoni ni hizo, na nyingi zimerudishiwa kabureta tatu na wenye nazo. Muulize muuzaji, na usiamini kabureta tu maana kamshafti na taimingi navyo vina sehemu yake.

Na ile ya viti vinne na ya otomatiki?

2+2 ilikuja 1966, chasisi imerefushwa inchi 9, paa limepandishwa, uzito umeongezeka. Ndo ya kwanza kupewa otomatiki ya gia tatu ya Borg-Warner. Otomatiki 0 hadi 60 ni zaidi ya sekunde 8. Ukihitaji kubeba watoto inafaa.

Ukilinganisha na wapinzani wa wakati ule?

Aston Martin DB4 ilikuwa na HP 240 kwenye karatasi na bei yake ilikuwa karibu pauni 4,000. Ferrari 250 GT ilikuwa ghali zaidi ya hapo. E-Type ya wazi iliyojaribiwa na The Motor ilikuwa pauni 2,097 na kodi ndani. Nusu ya bei. Porsche 911 ya kwanza, iliyokuja miaka michache baadaye, ilikuwa na HP 130 na spidi ya kilomita 210. Mercedes 300SL ilikuwa na HP 215 na sindano za mafuta tangu 1954, gari ya heshima kubwa, ila kwa bei sio ya kuitaja hapa.

Sir William Lyons, mwenye kampuni, maisha yake yote alikuwa na mtindo huo: toa gari inayofanana na za matajiri kabisa kwa bei ambayo daktari au wakili anaweza kujikaza akaipata. Namba ya pauni ndo iliyoumiza wapinzani, spidi walikuwa nayo hata wao.

Ilishinda mashindano?

Mbio zake za kwanza kabisa, Oulton Park Aprili 1961, Graham Hill alishinda na E-Type. Mwezi mmoja tu baada ya kuzinduliwa. Baadaye, 1963 na 1964, kiwanda kikatengeneza chache maalum za bodi ya alumini na injini ya alumini yenye sindano za mafuta za Lucas, zilipangwa 18 zikatoka 12, na zile namba 6 zilizobaki Jaguar wakaja kuzimalizia wenyewe kuanzia 2014. Hizo ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 100 na zina HP zaidi ya 300. Usichukue namba zake ukaziweka kwenye gari ya barabarani.

E-Type ya leo iliyotunzwa inaweza kurudia zile namba?

0 hadi 60 inaweza kabisa, na wakati mwingine inazidi, maana matairi ya leo yanashika lami kuliko Dunlop za 1961 na mafundi wengi wamefunga giaboksi ya gia tano. Lakini masharti ni mengi. Kompreshani silinda zote sita zilingane. Kabureta tatu zipumue sawa, hapo ndo penye wizi mkubwa wa nguvu, moja ikiwa nyuma gari inawaka vizuri tu na sailensa inanguruma vizuri tu lakini huko juu haiendi. Taimingi iwe sawa, distributa isiwe imelegea. Klachi isiteleze.

Spidi ya juu sahau, na nasema hivi kwa kuipenda hii gari. Chuma kina miaka zaidi ya 60, zile bushi za raba kwenye kikalio cha sasipensheni ya nyuma zikichoka gari inaanza kujiongoza yenyewe nyuma, na pua ile kwa spidi kubwa inakuwa nyepesi, usukani unapungua uzito mkononi. Tairi iangalie tarehe yake ya kutengenezwa sio mistari yake. Ukitaka kuinyoosha, kodi uwanja wa mbio na uishie pale ambapo bado inakusikiliza.

Spidomita yangu inasoma zaidi ya GPS, ni mbovu?

Hapana. Spidomita nyingi za wakati ule zinasoma juu, na ukiweka tairi ndogo kuliko ya asili au difu isiyolingana na spidomita inazidi zaidi. Amini GPS, ndo maana hata magazeti yale yalifunga gurudumu la tano la kupimia badala ya kuamini saa ya kwenye dashibodi.

Inahitaji petroli gani?

Injini ya kompreshani 9 kwa 1 inataka okteni ya juu, ukiweka ya chini utasikia inagonga ukikanyaga gia ya nne kwenye RPM ndogo, rudisha taimingi nyuma kidogo au badili mafuta. Kuhusu risasi usiwe na wasiwasi mkubwa, hedi ya alumini tayari ina siti za valvu ngumu zilizopachikwa tangu kiwandani, kwa hiyo isiyo na risasi inaimudu. Kinachosumbua zaidi kwenye mafuta ya sasa ni ethanoli inayokula mipira ya zamani, badilisha mipira yote ya mafuta kuanzia kwenye tenki mpaka kwenye kabureta kabla ya kuiwasha kwa safari yoyote.